Bei ya Ufa

Ya saba ilidumu sekunde nne na nusu.
Nilizihesabu kwa mdomo, Kisimba akazihesabu kwa saa,
tukapishana kidogo, kama kawaida yetu.
Kisha mlio, kisha moshi mweupe juu ya vichuguu vya njia ya Kasapa,
kisha kicheko.

Walikuja wengi mno. Kosa ni langu:
nilimwambia binamu mmoja wa Katuba, naye ana redio mdomoni.
Walikuja na viti vya plastiki, na watoto, na karanga za kuchemsha.
Mchungaji alikuja na chupa ya mafuta ya kubariki
(hatukumkatalia; ya tano nayo ilibarikiwa, ikalala ubavu).
Walikuja kuona mbingu ikitobolewa.
Wakaona bomba la chuma likipasuka kama hindi motoni.

"Saba!" akasema mama mmoja, akikunja kiti chake.
"Mtoto akirudia darasa moja mara saba,
baba yake si angemtafutia mkokoteni?"
Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana alisema vizuri.

Lakini mama, ngoja, usiondoke na kiti chako.
Ya kwanza haikuinuka hata kidogo,
ilikaa pale ikitema cheche kama mgonjwa wa kifua,
ndipo tukajua sukari yetu ilikuwa na unyevu.
Ya pili ikatuonyesha hasira ya sukari iliyokauka.
Ya tatu ilikwenda shambani kwa Mzee Kaumba, ikaua bata.
Tukalipa bata, tukabadilisha mapezi.
Ya nne sitaki kuisema.
Ya sita, sekunde tatu. Hii, nne na nusu.
Wewe umehesabu mazishi saba. Daftari langu
halina safu ya mazishi, lina safu ya sekunde,
na safu ile inapanda, mama, taratibu, lakini inapanda.

Hayo nilimwambia ndani ya teksi, peke yangu,
yeye akiwa kwake zamani, anasonga bukari.

Tukapita chini ya kilima. Kile cheusi,
kando ya bomba la moshi la kiwanda,
mavi ya shaba ya miaka na miaka.
Babu yangu alimwaga mabehewa yake humo, zamu ya usiku.
Kila kilichokataa kuwa shaba kiko pale juu,
na mji unakipiga picha, unakitia kwenye kalenda,
maharusi husimama mbele yake wameshika maua.
Sijasikia mtu akikicheka.
(Kisimba anasema mfano wangu haukai sawa:
mavi ya shaba si kosa, ni mabaki.
Kisimba ni mhandisi. Sikumjibu.)

Asubuhi akaja mtoto, Ngosa, miaka tisa au kumi,
anayeokota vyuma na kuviuza kwa kilo.
Gunia begani, na ndani ya gunia, sisi:
alikuwa ameamka mapema kutushinda.
"Faranga elfu mbili." Kisimba akaguna.
Nikapekua mpaka nikaupata mdomo wa roketi,
na kwenye koo lake ufa mwembamba kama unywele,
ulioanzia pale hasa tulipounga.
Nikaupeleka juani. Tukanyamaza wote wawili
jinsi watu wanavyonyamaza barua ya mbali ikisomwa.

"Nakupa elfu mbili kwa hiki tu."
"Lakini hiki kimepasuka."
"Ndiyo."
Akatoa kingine, kinang'aa, hakina hata mkwaruzo.
"Na kizima je?"
"Hicho hakina neno la kuniambia. Kauze."

Akanitazama kama yule mama alivyonitazama,
ila yeye hakuwa na kiti cha kukunja.
Akaweka ukucha kwenye ufa, akaufuata
mpaka mwisho, akarudi nao mpaka mwanzo.

"Ya nane," akasema, "lini?"

Nikamwambia. Nikamwapisha asimwambie mtu.